Dobi Hakai

Marehemu mzee alikuwa na amri moja tu dukani, na aliiacha kuwa urithi kwa sababu hakuwa na kingine cha kuacha: dobi hakai. Dobi anafua amesimama, anaanika amesimama, anapiga pasi amesimama, na akichoka sana, basi asimame vizuri zaidi. Humo dukani hapakuwa na kiti, wala stuli, wala benchi la wateja. Mteja akiuliza atakaa wapi wakati anasubiri suti yake, mzee alimjibu, "Kwako."

Sasa fikiria balaa lililozuka siku ile mama, mjane wa mzee, aliyeachiwa duka na amri yake, alipofunua shuka lililoning'inia mbele ya meza ya pasi akamkuta binti yake amekaa juu ya ndoo tupu ya sabuni, katulia tuli, ananyoosha mashati.

"Hii nini?" mama aliuliza.

"Ndoo, mama."

"Naiona kuwa ni ndoo, mimi si kipofu. Makalio yako yanafanya nini juu yake?"

"Yanapumzika. Miguu imekataa."

"Miguu imekukataa wewe, au wewe ndiye umeikataa kazi?"

Mama alipopandisha sauti namna ile, kujibu ni kutia petroli. Hukumu ikatoka palepale, ndoo ikiwa shahidi: mwezi ule ukiisha, na bado anapiga pasi kwa kukaa, basi pasi atakabidhiwa wifi yake, yaani mke wa kaka yake, na yeye atapelekwa kwa shangazi yake akakae mpaka achoke kukaa.

Jamani, hilo halikuwa jambo dogo. Binti huyu alijua kupiga pasi kuliko alivyojua kitu kingine chochote hapa duniani. Kola akiinyoosha yeye ilisimama yenyewe, na mistari ya suruali zake ungeweza kukatia nyanya. Kwa shangazi hapakuwa na pasi. Palikuwa na shangazi, na shangazi alikuwa na mdomo. Lakini kilichomchoma zaidi si hicho. Kunyang'anywa pasi kulikuwa ni kutangaziwa mbele za watu kwamba yeye ni mvivu, kwisha, mhuri umegongwa. Na yeye hakuwa mvivu, alikuwa mgonjwa. Alichotaka ni mtu mmoja tu katika familia ile amwamini. Hakuwa akiomba ukoo mzima, mmoja tu.

Nyumbani walimwita Yai. Jina hilo alipewa na kaka yake, kwa sababu alikuwa akiguswa tu, anaumia. Ukimkumbatia, anaruka. Ukimpa mkono ukaubana kidogo, anauma meno na machozi yanamlenga. Kaka akasema, "Msimguse huyo, ni yai, atavunjika mkose mboga," na jina likaganda. Maumivu yenyewe yalianza miaka mingi nyuma, bila ajali, bila kuanguka. Leo mabega, kesho nyonga, keshokutwa mwili mzima, utadhani amepigwa na kundi la wahuni kisha akasahau waliompiga. Akilala, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Na kichwani humwingia ukungu. Siku za ukungu alikuwa akipiga pasi shati, akalikunja vizuri, akalirudisha kwenye lundo la nguo chafu, na kesho yake akashangaa ni mteja gani huyu mstaarabu anayeleta nguo chafu zimenyooshwa.

Hospitali walimpima kila kinachopimika. Vyote safi. Aliporudi nyumbani analia, familia ikashangilia, mama akachinja kuku. Wewe umewahi kulia mbele ya kuku wa kukupongeza? Miaka ikapita, akazunguka tena na tena, mpaka daktari mmoja mwanamke akamsikiliza hadi mwisho na kumpa jina la ugonjwa wake: faibromaljia. Akamweleza kwamba hauonekani kwenye damu wala kwenye picha, lakini upo, na unauma kweli. Yai alitembea njia nzima akilirudia jina lile midomoni asije akalisahau. Akafika, akalitamka mbele ya wote.

Kaka yake alicheka mpaka akashika ukuta. "Huo si ugonjwa, dada. Hilo ni jina la mchezaji wa mpira, tena beki."

"Vipimo vilisemaje?" mama akauliza.

"Safi."

"Basi."

Na basi ya mama ilikuwa basi kweli. Baada ya hapo kila mtu akawa tabibu wake. Kunywa maji ya moto. Acha mawazo. Lala. Usilale sana. Olewa, yataisha. Akaolewa, hayakuisha, akaachika, hayakuisha vilevile, ila angalau akapata nafasi ya kujinyoosha kitandani.

Huyo kaka yake sasa, aliyekuwa akicheka, jina lake la mtaani lilikuwa Tingatinga. Blanketi zito lililolowa maji, ambalo watu wengine hulishika wawili huku wakitukanana, yeye alilikamua peke yake na huku anapiga mluzi. Na si nguvu tu. Tingatinga ndiye aliyekuwa na kichwa cha duka. Mzee hakutaka jina la mtu liandikwe kwenye nguo yake, alisema nguo si gunia. Kwa hiyo kila mteja alikuwa na alama yake ya uzi, iliyoshonwa ndani ya kola au kiunoni: uzi wa bluu misalaba miwili ni mwalimu mkuu, uzi wa bluu vistari viwili ni muuza nyama, mwekundu fundo moja ni yule mpiga tarumbeta, na kuendelea hivyo mtaa mzima. Alama zote zilikaa kichwani mwa Tingatinga. Mtu akimshauri azihifadhi mahali, anajigonga paji la uso na kusema, "Ziko benki."

Kisha, kabla ya siku ile ya ndoo, ikaja korona.

Yai, nisiwafiche, mwanzoni aliifurahia kidogo. Dunia nzima iliacha kukumbatiana. Watu wakaanza kusalimiana kwa viwiko, tena kwa mbali. Yeye alikuwa akisalimia hivyo miaka yote na kuitwa mwenye maringo, na sasa hata mama alikuwa akitoa kiwiko. Alijisemea moyoni kwamba hatimaye watu wamepata adabu.

Lakini ugonjwa ule haukuja kufundisha salamu. Tingatinga aliupata, tena ukamkamata kweli: homa, kikohozi, pumzi ikambana. Walimfungia chumba cha nyuma, chakula wakimsukumia mlangoni kwa ule mti mrefu wa kuinulia kamba za nguo, na mama akishinda nje ya mlango anaomba Mungu kwa sauti. Akapona. Akatoka kifua mbele, amekonda lakini anacheka. "Imekutana na chuma," akawaambia wateja. Miezi miwili mitatu ikapita, na chuma kikaanza kuota kutu.

Kwanza aliacha kupiga mluzi. Kisha mablanketi yakaanza kukamuliwa na wawili. Kisha akawa anapotea katikati ya kazi, ukimwita unajibiwa na ukuta. Yai aliyaona yote hayo, lakini alikuwa na vita vyake vya kusimama mbele ya pasi, miguu ikimwaka moto, maana hukumu ya ndoo ilikuwa imeshatoka, ndoo ikiwa imefichwa uani, na mwezi wake ukienda.

Hapo ndipo ilipofika ile harusi. Kijana wa mtaani alikuwa anaoa, na nusu ya mtaa ilileta nguo zake za heshima dukani. Zikafuliwa, Yai akazinyoosha, Tingatinga akazipanga kwa alama zake, akazifunga kwenye magazeti, kila furushi kwa mwenyewe. Siku moja kabla ya harusi watu wakachukua mafurushi yao, wakashukuru, wakaenda. Nani hufungua furushi la dobi siku moja kabla? Watu walifungua asubuhi ya harusi, wameshaoga, wameshachelewa, na gari linapiga honi nje.

Mwalimu mkuu, mwembamba kama njiti ya kiberiti, alijikuta ndani ya suti ya muuza nyama. Alipoinua mkono kutoa hotuba, mkono haukuonekana, mkono wa koti ndio uliohutubia. Muuza nyama alijibana ndani ya suruali ya bwana harusi, akaenda vizuri tu mpaka alipoinama kumsalimia bibi mmoja aliyekaa chini. Mlio uliotoka, mpiga tarumbeta alidhani ni ishara, akaanza kupuliza. Bwana harusi mwenyewe alipewa suruali ya dereva wa lori, na yule dereva kiuno chake si cha mtu mmoja. Msimamizi wake alimshika kiunoni kwa nyuma toka mwanzo hadi mwisho wa ndoa. Watu wakafuta machozi, wakisema huo ndio urafiki. Gauni la mke wa mwalimu mkuu lilimwangukia mama mkwe wa kinyozi, likamkaa vizuri ajabu, na mpaka leo hajalirudisha.

Kesho yake mtaa wote ulikuwa mlangoni pa duka, kila mmoja ameshika suruali isiyo yake.

"Nani amefanya hivi?" mama aliuliza, ingawa alijua.

Tingatinga alikuwa amesimama katikati, ameshika koti, anaangalia uzi wa ndani ya kola. Bluu. Misalaba miwili. Aliuangalia weee, midomo ikitikisika, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Kisha akaligeuza koti, akauangalia tena. "Hii ni ya nani?" akauliza kwa sauti ndogo. Watu wakacheka, wakadhani anawatania. Yai peke yake hakucheka. Aliijua ile sura. Aliivaa yeye mwenyewe kila wiki.

Baada ya wateja kurudishiana nguo zao wenyewe, familia ikakaa kikao, yaani ikasimama kikao. Wifi alisema pale kuna mwanamke. Mume hasahau vitu namna ile kama hakuna mwanamke. Mama alisema ni jicho la watu, mwanawe alikuwa na nguvu mno na wabaya wake wameona. Muuza nyama, ambaye alikuwa bado hajaondoka na hakuna aliyemwalika kikaoni, alisema ni pombe. Walipogeuka kumuuliza Tingatinga mwenyewe, hayupo.

Yai ndiye aliyempata. Nyuma ya duka palikuwa na kamba za mablanketi, zimepangana kama pazia, na nyuma yake kapu kubwa la mashuka machafu. Ndani ya kapu, magoti yamefika kidevuni, alikuwemo Tingatinga.

"Unafanya nini humo, kaka?"

"Nakagua madoa."

"Umefumba macho?"

"Madoa mengine yananusika tu." Yai akaona machozi yanamtiririka mpaka masikioni, kwa jinsi alivyolala. Hakuwahi kumwona kaka yake analia, hata siku ya kumzika mzee.

Yai akainama, taratibu kwa sababu ya nyonga. "Hebu niambie. Ukilala, unaamka umepumzika?"

"Naamka nimechoka kama niliyelima usiku kucha."

"Shamba la nani?"

"La adui yangu, tena bila malipo."

"Mwanga je? Kelele?"

"Vyote vinaniumiza. Hata sauti ya mke wangu inanichoma kichwa."

"Hiyo ya mke wako ni ya zamani, usiihesabu. Ukifanya kazi ngumu leo, kesho inakuwaje?"

"Kesho sipo, dada. Kesho mwili mzima unadai. Mabega, mgongo, mapaja. Hata soksi zikinibana nasikia kulia. Moyo unanienda mbio kwa kupanda ngazi mbili. Na kichwa..." Akajigonga paji la uso, pale pale benki ilipokuwa. "Kichwa kimejaa moshi. Nyuzi naziona, rangi naziona, watu wenyewe siwaoni."

Niwaambie ukweli? Yai alifurahi. Kwanza alifurahi kabisa, furaha ya wazi, mpaka ikabidi aangalie pembeni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, sasa mwenzangu umeuonja. Halafu akaona aibu, maana huyu ni ndugu yake wa tumbo moja, analia kwenye mashuka ya watu. Halafu akafurahi tena kidogo. Roho ya mtu ina vyumba vingi, na vingine havifagiwi.

"Kaka," akasema, "ulicho nacho ni ndugu yake nilicho nacho mimi."

Tingatinga akafuta machozi kwa foronya ya mteja. "Dada, usinifananishe na wewe. Mimi nina kitu cha kweli."

Hapo Yai alitamani kulifunika kapu lile na kulikalia. Lakini angekaa, na mama angemwona. Akamnyooshea kiwiko, akamwinua, wakaenda kwa daktari.

Walikwenda ukoo mzima, kwa sababu mama hakukubali mwanawe apelekwe na Yai tu. Daktari alikuwa yule yule mwanamke, na chumba chake kilikuwa na viti viwili. Mama akakataa kukaa, kwa heshima ya marehemu. Daktari akamuuliza Tingatinga maswali, wifi akayajibu. Daktari akamwomba wifi ampe mumewe nafasi, mama akayajibu yeye. Mwishowe daktari akambonyeza Tingatinga begani kwa kidole kimoja, na hilo likajibiwa na Tingatinga mwenyewe, kwa ukelele uliomtoa muuguzi chumba cha tatu.

Akapimwa. Wakarudishwa siku nyingine kusikiliza majibu, ukoo mzima tena.

"Damu iko safi," daktari alisema. "Moyo uko sawa. Mapafu yamepona. Lakini korona kwa watu wengine haiagi vizuri. Yenyewe inaondoka, uchovu na maumivu yanabaki, miezi, wengine hata zaidi. Ndicho ulicho nacho."

"Korona!" mama akashika kifua. "Nilijua! Mwanangu jamani!"

"Na dalili zake," daktari akaendelea, akimtazama Yai sasa, "zinafanana sana na za faibromaljia. Maumivu mwili mzima, usingizi usiopumzisha, ukungu kichwani, kuzidiwa baada ya kazi. Wengine waliopata korona tukiwapima kwa vigezo vya faibromaljia, wanaingia humo humo."

"Kwa hiyo ni kitu kimoja?" Yai aliuliza.

"Hatujui bado. Huenda ni viwili vinavyofanana, huenda vina mzizi mmoja, bado vinachunguzwa. Kaka yako mlango alioingilia tunaujua, ni korona. Wako hatukuuona. Ila mmekutana chumba kimoja." Akamgeukia Tingatinga. "Usishindane na mwili. Gawanya kazi vipande vidogo, pumzika kabla hujachoka, si baada. Dawa nitakupa, zitasaidia kiasi. Na kazini tafuta kiti."

Mama, katika maneno yote hayo, alitoka na mawili: korona, na kiti. Korona alikuwa ameisikia redioni, viongozi walikuwa wameizungumza, ilikuwa ni ugonjwa wenye cheo. Walipofika nyumbani alipita moja kwa moja hadi sebuleni, akakiinua kiti cha wageni, kile cha mto wa kitambaa cha kufumwa ambacho watoto wake hawakuwahi kuruhusiwa hata kukipangusa, akakibeba kichwani hadi dukani. Akakiweka katikati, pale pale mzee alipozoea kusimama.

"Kaa, baba," alimwambia Tingatinga. "Kaa, mwanangu. Unaumwa."

Tingatinga akakaa. Majirani wakaja kumpa pole. Wifi akampepea kwa gazeti, akimwomba radhi kwa yule mwanamke ambaye hakuwepo. Muuza nyama, ambaye suruali ilikuwa imempasukia mbele ya kadamnasi, alimletea supu. Hata bwana harusi alikuja, ameshika mkanda wake kwa mazoea, akasema, "Kaka, usijali, mradi umepona. Yaani, mradi unaumwa. Wewe unajua ninachotaka kusema."

Na nyuma ya meza, amesimama, miguu ikiwaka moto, alikuwa Yai na pasi.

Alivumilia pole ya kwanza. Akavumilia supu. Alipoona mama anaweka mto wa pili nyuma ya mgongo wa Tingatinga, na kuuliza kama uko sawa au aubadilishe, kitu ndani yake kikakatika. Akaisimamisha pasi.

"Kiti!" akapiga kelele. Majirani wakageuka. "Kiti, mama! Cha wageni! Mimi ndoo ya sabuni uliniona nimefanya maasi, huyu analetewa kiti na mito miwili! Miaka yote nasema naumwa, nachinjiwa kuku! Yeye anaumwa tangu juzi, ukoo unapepea! Ugonjwa ni wangu! Mimi ndiye niliyeanza!"

Majirani, watu wazuri, wakakumbuka kwamba wameacha vitu jikoni, wakaondoka, ila walisimama dirishani.

Mama alikasirika, na mama akikasirika hufanya kazi. Akaipokonya pasi, akavuta suruali ya mteja iliyokuwa juu ya lundo, akaanza kuinyoosha kwa nguvu. "Usinipigie kelele kwenye duka la baba yako. Mwenzako ana ugonjwa unaojulikana. Wewe ulipimwa huku na huku, ukaambiwa safi. Safi! Nilisikia kwa masikio yangu. Sasa nikupe kiti cha nini, cha usafi?"

"Mama," Tingatinga akaita kutoka kitini.

"Wewe pumzika."

"Mama, na mimi vipimo vyangu ni safi."

"Nani kasema?"

"Daktari. Ulikuwepo. Damu safi, moyo safi, mapafu safi."

Pasi ikapunguza mwendo. "Lakini wewe unaumwa," mama alisema. "Nakujua. Hukuwahi kukaa hata siku moja. Wewe huwezi kudanganya kitu kama hicho."

"Naumwa, mama. Naumwa mpaka nalia kwenye kapu la mashuka. Na huyu ndivyo alivyokuwa, miaka yote, akipiga pasi mbele yetu, na mimi nikimwita Yai." Akaugonga mkono wa kiti. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimekilalia sasa. Dada hakuwa akidanganya."

Akajaribu kuinuka ampishe. Akajishika mikono ya kiti, akahesabu moja, mbili, akajaribu, akarudi chini puu. Akajaribu tena, wapi. Mwishowe akajisogeza pembeni, makalio nusu hewani. "Njoo tukae nusu nusu."

Yai akaja, akakaa nusu yake. Mabega yao yakagusana.

"Aii! Usiniguse!"

"Wewe usiniguse! Ni mimi ninayeumia!"

"Na mimi je?"

Mama alisimama akiwatazama, watoto wake wawili watu wazima, wamebanana kwenye kiti cha wageni, kila mmoja amejikunja upande wake, na nyuso zao zilikuwa zinafanana. Hakuwa amewahi kuona kwamba zinafanana. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya pasi, na pasi ilikuwa imetulia juu ya suruali.

"Mwanangu," alisema, na hakuwa akisema na Tingatinga. "Unaumwa wapi?"

Yai alikuwa amelingoja swali hilo miaka mingi kiasi kwamba jibu lake alilipanga zamani, vizuri, kuanzia kichwani kushuka. Lilipokuja, jibu lote likamtoroka. Akaangalia miguu yake.

"Kidole gumba," akasema. "Cha mguu."

"Ehe."

"Na nyayo. Asubuhi nikikanyaga chini, kama nakanyaga changarawe. Na visigino. Na hapa, vifundoni, mpaka siku nyingine navaa viatu nalia." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Ehe. Halafu?"

Harufu ikaanza kupanda. Moshi mwembamba ukachungulia chini ya pasi, ukaenea mezani. Wifi akaacha kupepea.

"Mama, suruali! Suruali ya watu inaungua!"

"Iache iungue," mama alisema, wala hakugeuka. "Umefika vifundoni, mwanangu. Endelea."